Punguzo la Magari Matano na Mjukuu Anayelivunja

Tŷ Isaf,
Llanferwyn,
Wales Kaskazini.

Kwa Bwana Mkubwa wa Bima za Magari,
Kampuni ya Ngao na Paa.

Bwana Mkubwa,

Habari za kazi sikuulizi, najua ni nzuri, maana hela yangu mnaikata kila mwezi bila kuchelewa. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano nikaenda kukamua ng'ombe, kwa hiyo ukiona herufi zimelala upande, zisome hivyo hivyo. Kichwa changu hakijalala.

Mimi ni Eluned Prydderch, mjane wa Emrys. Nyumba yangu ina magari matano, yote yako kwenu kwa mkataba mmoja. Mkwe wangu Bleddyn ana pikapu ya kubebea kondoo. Binti yangu Meinir ana gari la kwendea shuleni anakopika. Mimi nina langu dogo jekundu. Mjukuu wangu Carys ana lake. La tano ni Landrova ya marehemu, haina injini, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mlisema kila gari likiongezeka na punguzo linaongezeka. Nikauliza, lazima liwe linatembea? Bi Angharad wenu wa kwenye simu akasema tangu aajiriwe hajaulizwa swali hilo. Nikalikatia bima.

Sasa Carys anahamia Liverpool na gari lake, kujifunza kutengeneza meno ya bandia. Meno ya bandia! Yangu yapo hapa kwenye glasi, angejifunzia. Na sheria yenu inasema magari ya mkataba mmoja lazima yalale nyumba moja. Akiondoka yeye, punguzo la sisi wote linashuka. Kwa hiyo nalalamika, na nimeweka namba ili msije mkasema hamkuona.

1. Ninyi ndio mlionifundisha kwamba watu wakikaa pamoja ni faida. Nikawaamini. Bleddyn alipotaka kujenga kwao nilimwambia, "Jenga baba, lakini kumbuka punguzo." Hakujenga. Mwanamume mzima, ana kipara, analala chumba alichokulia mkewe, chenye picha za farasi wadogo ukutani, kwa ajili ya mkataba wenu. Mmewahi kumshukuru?

2. Kile kisanduku. Carys alipopata leseni mlisema vijana ni hatari barabarani, mkamtilia kisanduku ndani ya gari kimchunguze anavyokata kona na anavyofunga breki. Sawa. Mwaka mzima kimewaambia anaendesha kama mchungaji wa kanisa aliyebeba keki mapajani. Lakini kisanduku hicho hicho kilijua kwamba mtoto anakwenda Liverpool kutazama vyumba vya kupanga, na hakikuniambia! Mimi niliambiwa amekwenda kununua viatu. Yaani mashine inalipiwa na mimi, inakaa nyumbani kwangu, halafu inanificha mambo ya nyumbani kwangu. Huo ni utovu wa adabu, na kama kingekuwa mtu ningekinyima chai.

3. Hili ndilo kubwa, kaa vizuri. Kila mwaka mkataba ukikaribia kwisha mnapandisha bei. Nami kila mwaka napiga simu na kusema, "Naondoka." Kijiji kizima tunafanya hivyo, hata mchungaji, na yeye hana hata pa kwenda. Hapo ndipo mnanipeleka kwa Bi Angharad, ambaye kazi yake ni kubembeleza wanaoondoka. Ananiambia, "Subiri kwanza, Bi Prydderch mpenzi, hebu nione ninachoweza kufanya." Unapigwa muziki. Anarudi, bei imeshuka, nabaki.

Basi Carys aliposema anaondoka, nilimwambia neno kwa neno, "Subiri kwanza mpenzi, hebu nione ninachoweza kufanya." Nikaingia jikoni, nikaimba kidogo ili naye asubiri kwa muziki. Nikarudi nikampa chumba changu cha mbele, chenye dirisha la mlimani. Akasema, "Bibi, mimi sitaki chumba, nataka kujifunza kazi." Nikarudi jikoni, nikaimba ubeti wa pili, nikatoka na keki ya zabibu kavu, nzima, si kipande. Akaila. Akafuta mdomo. Akasema, "Bibi wee, Liverpool si mwezini. Treni zipo." Kwa hiyo ama mbinu yenu ni mbovu, ama mmenifundisha nusu.

4. Kwenu dereva asiyedai fidia mwaka hadi mwaka hupewa tuzo. Vizuri. Mimi Carys nimemlea tangu Meinir aliporudi kazini. Nimemkeshea usiku akiwa na kikohozi, nimemfundisha kuendesha hilo gari kwenye shamba la mawe, akaniharibia ukuta. Sijadai kitu kwa mtu yeyote. Tuzo yangu iko wapi? Au ya watoto haihesabiwi?

5. Niliuliza bei ya gari lake likilala jijini. Nilidhani mmenitajia bei ya nyumba. Maana yake mnajua huko mambo si shwari, mkatia bei, mkanyamaza. Mtu muungwana angempigia msichana simu amwambie, "Mwanangu, tumekupigia hesabu, baki kwa bibi yako."

6. Gari likiibwa mnalipa. Hapa nachukuliwa gari na mjukuu kwa pamoja, mchana kweupe, na mwizi mwenyewe ananibusu shavuni akiniaga. Mnataka nilete ushahidi gani?

Kwa hayo yote naomba kwa heshima: Bi Angharad ampigie Carys na kumbembeleza kwa ile sauti yake. Akishindwa, andikeni kwenye mkataba kwamba dereva wa chini ya miaka thelathini asihame nyumba bila saini ya dereva mkubwa kuliko wote, ambaye ni mimi. Mkikataa hayo pia, basi mnilipe fidia ya wizi. Bleddyn anasema, "Mama, ukituma hiyo barua watatuongezea bei ya wazimu." Nimemwambia ya wazimu wake nailipa tangu alipomwoa binti yangu.

Wasalimie wote hapo ofisini, Bi Angharad zaidi. Na huyo anayechagua muziki wa kusubirishia watu, mwambie mimi nimemsamehe lakini Meinir bado.

Ni mimi, dereva ambaye sijawahi kugonga chochote ila lango, na lango ni langu,

Eluned Prydderch (Bibi)

Nyongeza: Carys ameisoma barua kabla sijaifunga, maana vitu vya watu havimhusu lakini macho yake hayajui. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaweka funguo mezani, akasema, "Gari nakuachia, Bibi. Kule hakuna pa kuegesha, nitapanda basi. Liandikishe kwa jina lako, uwe unaliendesha wewe." Kwa hiyo magari yote matano yatalala hapa hapa, punguzo halishuki hata peni moja, na malalamiko yangu, kuanzia la kwanza hadi la sita, hayana mashiko tena. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nimekaa na kile kijitabu chenu cha mambo mnayofidia, nimekisoma mpaka jalada la nyuma. Kioo kimo. Redio imo. Hata zulia la kukanyagia limo. Mjukuu hayumo. Ninyi watu mliosoma, mlimsahau vipi?