Mwaka Mzima wa Kasmiri

Kijiwe chetu cha Viwanja Sitini, hapa Ifakara, hakijawahi kukosa ugomvi, ila wa juzi uliletwa na redio ya Dionisi, tunayemwita Idhaa kwa sababu haachi kutangaza.

"Jamani, Ulaya kuna ugonjwa unakula neva, mtu anakufa ganzi, anayumba. Sasa wamepata sindano. Za mwaka mmoja tu, bei ya trekta! Na haziponyi, zinapunguza kuanguka. Wataalamu wanapiga hesabu kama zinalipa."

"Zimlipe nani?" akauliza Kasmiri, muuza kahawa wetu, akisugua mguu wake wenye ganzi. Alikuwa amemwomba mwenzetu Agapiti ampeleke hospitali kesho yake kwa baiskeli, na Agapiti mpaka saa hiyo alikuwa anatazama tairi tu.

"Wanahesabu mwaka mzima," akasema Idhaa.

"Mwaka si mzima siku zote? Nani kauona mwaka nusu?"

"Mzima wa uzima, bwana! Ukiuishi unaumwa, wanauandika nusu."

Agapiti, tunayemwita Debe kwa sababu hata salamu anaipima, akaruka kwenye benchi. "Ngoja! Kasmiri, huo mguu una miaka mingapi?"

"Kumi."

"Basi miaka hiyo kumi umeishi mitano tu, mitano imepotea! Ulinizidi mitatu, kwa hiyo... mimi mkubwa wako! Shikamoo yangu iko wapi?"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Kasmiri hakucheka.

"Debe, kesho unanipeleka au hunipeleki?"

"Dogo, usiwaharakishe wakubwa. Tairi langu jipya. Wewe ukipona, kijiwe kinapata nini? Nipe hesabu."

Hapo utani ulikuwa umechacha, na mimi nilikasirika. Kasmiri akainuka akichechemea, akamwagia mkaa maji. Chwaaa! Akashika birika lake.

"Unakwenda wapi na kahawa?" akapiga kelele Idhaa.

"Nyumbani. Mtoto mdogo hachezei moto."

Idhaa akazima redio. Akageukia alipokuwa Debe: "Haya, tupigie hesabu ya asubuhi bila kahawa."

Debe hakuwepo kwenye benchi. Alikuwa mbele ya Kasmiri na baiskeli, anafuta keria kwa shati lake mwenyewe.

"Shikamoo, kaka Kasmiri."

Kasmiri akamwacha ainame kwanza.

"Marahaba, dogo. Kesho saa moja. Na unipitishe barabara isiyo na mashimo."

"Kaka, Ifakara hiyo barabara haipo!"

"Basi baiskeli iache nyumbani. Utanibeba mgongoni."