Karatasi za Bei Zinatuua Kazini

Kariakoo, Ijumaa, 9 Machi 1934

Kwa Bwana wangu Sheikhan bin Hamud, mwenye duka la kanga, Mtaa wa Msimbazi.

Shikamoo Bwana. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa sisi wauzaji wako tu wazima wa mwili, ila mioyo imelala. Tangu ubandike karatasi ya bei kwenye kila doti na kuamuru hapunguziwi mtu, kazi imekufa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshahara wako hunifikisha mlangoni tu. Kinachonisimamisha ndani kutwa nzima ni kubishana na wateja, nacho umekiondoa.

2. Zamani mteja alitaja bei ya kunitukana, nami nikashika kifua. Akajifanya anaondoka, nikamwita keshafika kwa muuza kahawa. Sasa anasoma, analipa, huyoo. Asiyejua kusoma namsomea. Je, Bwana, mimi ni muuzaji au miwani?

3. Mwenzangu Fikirini, aliyekuwa akiwaapia wateja mpaka machozi yanamtoka, juzi kalala amesimama. Mama mmoja akaipekua kanzu yake akitafuta karatasi ya bei.

4. Hili ndilo linaloniuma. Bi Zamda wa Buguruni alikuwa akija kila Ijumaa kubishania doti moja. Wiki sita hatukuafikiana, na sijapata kuwa na furaha namna ile. Ijumaa iliyopita kasoma bei, kalipa, kasema, “Basi Abbasi, sina la kunileta tena.” Nilikaa juu ya jora nikalia.

Kwa hiyo naomba kwa adabu zote uzing'oe karatasi hizo. Ukiona tabu, nipunguzie mshahara unirudishie ubishi. Hata ukitaka mimi ndiye nikulipe, sitakataa, mradi kiasi tukibishanie.

Nisalimie Bibi Azza na watoto wote. Ndugu yako aliyekuletea habari za karatasi, msalimie kidogo.

Mtumishi wako mtiifu,
Abbasi bin Sadalla

Nyongeza, Jumatatu: Barua nilikuwa sijaileta, maana jana nilijikaza nikaenda kumposa Bi Zamda. Mwenyewe karidhia. Mjomba wake alipotaja mahari, mimi kwa mazoea ya miaka kumi na moja dukani nikaanza kusifu: hachakai huyu, mji mzima hapatikani wa pili. Kila nikisifu, mjomba akapandisha. Magharibi inaingia, mahari imekuwa maradufu. Karatasi ziache, Bwana. Na kesho, nakusihi, tufuatane ukamwambie mjomba kuwa bei ni moja, ile ya kwanza.