Pengo la Dirishani

Jumatatu, 9 Juni
Nimeamua. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Kagunga kumposa binti yangu Melania, na hawatakanyaga saruji iliyopasuka. Nimenunua kapeti la plastiki, lile lenye michoro ya mbao. Nitatandika mwenyewe. Shemeji Feliksi, kaka wa mke wangu, kaja bila kualikwa kunishauri nimwite Meshack, fundi aliyemwekea marumaru nyeupe. Marumaru, marumaru! Hata akisalimia lazima azitaje. Nimemjibu kwamba mikeka nimetandika tangu utotoni, hili litanishinda nini.

Jumanne, 10 Juni
Nimekata. Lo! Upande wa mlango kapeti linagusa skatingi, zile mbao nilizopigilia chini ya ukuta. Upande wa dirisha limeacha pengo la vidole viwili. Nikalivuta dirishani, pengo likahamia mlangoni. Nikalirudisha, nalo likarudi. Ebo! Nyumba nilijenga mwenyewe, haijapinda. Ni huo ukuta tu uliopinda.
Meshack kapita njia (katumwa, najua). Akachungulia, akasema ilitakiwa ning'oe skatingi kwanza, nitandike, kisha nizirudishe zikalie ukingo wa kapeti. Ning'oe mbao za mninga kwa maneno ya fundi wa Feliksi! Misumari yenyewe nilipiga mimi. Haitoki.

Jumatano, 11 Juni
Mke wangu Eufrasia katoa amri. Ijumaa jioni akiona pengo, posa itapokelewa kwa kaka yake. Binti yangu aposwe kwa Feliksi! Mimi baba mzazi nikaribishwe soda kwenye shughuli ya mwanangu! Melania naye kaniomba kwa upole, baba, twende tu kwa mjomba. Hiyo imeniuma kuliko yote.
Nimejaza pengo kwa saruji. Kapita kuku, ikapasuka.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata! Nilikwenda Kibirizi kutafuta dagaa, nikawaona mafundi wa mitumbwi wakitia kalafati. Pamba inalowekwa mawese, inashindiliwa kwenye nafasi za mbao, basi. Mmoja kaniambia wengine hutumia lami. Ziwa zima halipenyi, sembuse macho ya wakwe? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta nilishajenga. Pamba nimebeba, na kopo la lami la akiba. Mawese Eufrasia anayo dumu zima.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeshindilia kwa bisibisi tangu alfajiri, mgongo si wangu. Lakini safi! Mstari wa rangi ya chungwa umezunguka sebule nzima kama pambo, maana nimeona aibu kuziba upande mmoja tu. Kwa baridi hii mawese yameganda vizuri. Eufrasia kainama, kanusa, kauliza dumu lake liko wapi. Nimemwambia haya ni mambo ya ufundi. Mwishowe kakubali wageni waje hapa, ila lawama zisimguse. Nimempigia Feliksi kumwalika. Aje aone.

Jumamosi, 14 Juni
Jamani. Jamani!
Wageni walifika, wakavua viatu mlangoni, wote soksi nyeupe. Heshima tele. Nikawaketisha kwenye viti vilivyopangwa ukutani. Saa saba jua likaingia dirishani. Mawese yakayeyuka, yakaanza safari. Sakafu yangu, sijui kwa nini, inainama kuelekea katikati, kwa hiyo yakapita chini ya viti mpaka kwenye nyayo za wakwe. Nikasukumia taulo kwa kisigino huku natabasamu. Sisimizi nao wakaja, hawakualikwa.
Mzee Jeremia, msemaji wao, alikuwa katikati ya kuomba jiko. Akanusa. Akauliza kama nyumba hii inashushwa majini leo au kesho. Ukumbi ukaangua kicheko, Melania akakimbilia jikoni. Feliksi akasimama na uso wa huruma (huruma yake siitaki!), akasema kwake kuna nafasi, tena pakavu. Wakavaa viatu juu ya soksi zilizolowa, wakahamia nyumba ya pili. Nikafuata nyuma na taulo langu, mimi baba mzazi.
Mlangoni kwa Feliksi viatu vikavuliwa tena. Desturi ni desturi. Soksi zikaingia. Nyayo za mawese juu ya marumaru nyeupe, kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi kubwa! Feliksi akashika kichwa. Nami nikashika kichwa, nisije nikaonekana ninacheka.
Posa imepokelewa. Mzee Jeremia kasema ukoo unaomwaga mawese sakafuni hauwezi kumlaza mtu njaa. Melania kacheka mpaka machozi. Mungu ni mwema.

Jumapili, 15 Juni
Eufrasia kanipa sabuni na brashi, kanielekeza kwa kidole nyumba ya kaka yake. Wao wamekwenda kanisani, mimi nimepiga magoti kwenye marumaru.
Na huku chini nimeona kitu. Marumaru za Feliksi nazo hazikufika kwenye skatingi! Upande wa dirisha, pengo jembamba limejificha nyuma ya pazia. Huyo ndiye Meshack wao!
Nikawaza. Kalafati haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mawese. Nikakimbia nyumbani kuchukua pamba iliyobaki, na kopo la lami nililoficha chini ya kitanda. Nimemzibia pengo lote kabla misa haijaisha. Jeusi, nadhifu, wala sitaki shukrani. Pale jua linapopiga sana nimeongeza.