Malalamiko juu ya Jiko la Vidonge Lisilotaka Maji

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Majiko ya Vidonge, Mbarara mjini

Kutoka kwa Régis Munezero, fundi, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa juu wa Base Camp

Mheshimiwa Meneja,

Kwa heshima yote iliyobaki baada ya wiki tatu za moshi, nakusalimu. Natumaini kwenu mnapika.

Mimi ndiye kijana aliyepokea jiko lenu, hili linalokula vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa niaba ya mama yangu, Mama Marcienne, anayeuza maharage sokoni Base Camp. Shule nilifika darasa la sita. La saba tuliangaliana tu, tukaachana kwa amani. Lakini ufundi uko kwenye damu. Nimetengeneza redio mbili, na moja bado inasema. Najitambulisha hivyo ili ujue anayelalamika si mtu wa kubahatisha.

Shauri lenyewe ni hili: jiko linakwama na linatoa lami. Mama ameshatoa hukumu. Lisipoivisha maharage kufika Jumapili, anarudi kwenye mafiga matatu, na kuni nitaleta mimi, kichwani, kutoka vichaka vya wenyeji wenye ng'ombe. Huko wanakufukuza na fimbo, na njia ya kurudi inapita katikati ya soko lote linaloniita fundi. Kwa hiyo soma polepole.

1. Vidonge vyenu havina adabu ya makaa. Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba makaa ukiyanyunyizia maji kidogo kabla ya kuwasha, yanakaa saa nyingi. Mama anafanya hivyo, na bibi alifanya hivyo kwetu Burundi, kule Makamba. Nami, kwa kuwa napenda kubana matumizi, nikalinywesha gunia zima la vidonge, lita tano tu. Kulipokucha vilikuwa vimevimba kama uso wa mtu aliyegombana na nyuki, na vingine vimerudi kuwa unga wa mbao. Ni kitu gani hiki kinachoogopa maji kuliko paka? Kweli, fundi wenu Mutabazi siku ya kulileta jiko alisema kwa kile Kiswahili chake cha kijeshi: "Wewe kijana, maji hapana. Maji kabisa hapana." Nilidhani anasema habari ya ile feni ndogo inayopuliza moto chini ya jiko.

2. Lile bomba linaloshusha vidonge kutoka sanduku la juu mpaka kwenye moto ni jembamba kama koo la mtoto mchanga. Ule unga ukajaa humo, ukashikana kama saruji. Nikatumia akili: nikapaka bomba mafuta ya kupikia kwa ndani ili vidonge viteleze. Kwa dakika kumi viliteleza kwa utii ambao sijauona hata kanisani. Kisha mafuta yakaungua, unga ukagandia, na bomba likaziba moja kwa moja. Naomba maelezo ya maandishi: kwa nini mtu awauzie watu bomba lisilojua mafuta?

3. Mahindi. Nilitia konzi moja ya mahindi makavu ili yasukume kilichokwama. Yalisukuma, sikatai. Kisha yakafika kwenye joto na kuanza kupasuka. Moja liliruka likampiga jirani yetu Mzee Anselme kwenye miwani. Mzee akasema risasi alizikimbia Burundi, hakutegemea kuzikuta kwenye maharage.

4. Lami. Mama akimaliza kupika, mimi naufukia moto kama inavyopaswa: naziba matundu yote ya hewa kwa udongo na majivu, moto ulale, kesho tusiende kuomba kaa kwa jirani kama watu wasio na kwao. Jiko lenu halijui kulala. Linakoroma moshi wa manjano, na asubuhi nakuta kila fasi, ndani na nje, imepakwa kitu cheusi kinachonata, kinachodondoka mpaka kwenye sufuria. Wateja wawili wamemuuliza mama kama maharage yake yanapikwa na lori. Njia ya mtaani kwetu ni vumbi tupu, na mimi nimekaa nyumbani na lami ya kutosha mita kumi.

5. Upendeleo. Hili ndilo linaloniuma. Élyse, binti wa nyumba ya pili, alipokea jiko siku ileile, kutoka gari lileile. La kwake linawaka bluu kama jiko la gesi la mapadri. Na anachofanya ni kidogo mpaka kinatia huruma. Anaanika vidonge juani. Anavichekecha kwenye chekeche la unga. Jiko likishapoa, anapitisha waya kwenye bomba na kukwangua lami ikiwa bado changa. Matundu anayaacha wazi, feni inavuma mpaka moto uishe wenyewe. Ufundi hana. Hatii maji, hatii mafuta, hatii hata mahindi, na maharage yake yanaiva. Nilimwambia hiyo ni bahati tu. Akanijibu mbele za watu: "Basi njoo ukope bahati kidogo, fundi. Na ulete vidonge vyako tuvianike." Umeona kiburi hicho. Ni wazi kwamba jiko zima mlimpa yeye makusudi, na sisi mkatupa ndugu yake mgonjwa.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu. Mlete jiko jingine linalokunywa maji. Mutabazi aje kuomba radhi sokoni, siku ya gulio, asimame juu ya kitu ili aonekane. Na mimi mniandike fundi mkuu wa Nakivale na Oruchinga, maana katika kambi zote mbili hakuna mtu aliyeliona jiko lenu likiharibika kwa njia nyingi kuliko mimi.

Nisalimie ofisi yote, dereva, mlinzi wa geti, na Mutabazi pia, lakini kwa kiasi. Mama anakusalimu. Mzee Anselme amekataa.

Wako ndani ya moshi,

Régis Munezero
Fundi (cheti kiko njiani)

N.B. Nilipotoka kutafuta bahasha, mama alimwita Élyse. Hawakumaliza hata saa moja. Wamekwangua bomba kwa waya wa baiskeli, wamechekecha vidonge vichache vilivyosalimika, wamefungua matundu yote niliyoyaziba. Jiko limewaka. Bluu. Maharage yameiva, nimekula sahani mbili kwa uchunguzi. Nilitaka kuichana barua hii, lakini mama, baada ya Élyse kumsomea yote, amekataza. Anasema ije hivi ilivyo, mjue jiko ni zima, na anauliza kama mnaweza kubadilisha kijana. Iliyobaki ni shida ya gunia: vidonge nilivyovinywesha vimekuwa uji, na gari lenu la vidonge linapita tena Alhamisi. Mpaka hapo ni mafiga, na kamba ya kuni nimeshapewa. Tafadhali mzee wangu, gari lije Jumanne, na ufundi nitauacha kabisa. Ikishindikana, mwambie dereva akikutana njiani na mtu mwenye mzigo wa kuni kichwani na kitenge usoni, asipige honi.