Mitumbwi Saa Nne Asubuhi

Ijumaa, 1 Agosti

Uonevu! Hakuna neno jingine. Mimi ni karani wa Jumuiya ya Maendeleo ya Nyamtope, nina cheti cha uhazili, na leo nimefanyiwa njama mchana kweupe.

Iko hivi. Jumapili ya tarehe kumi ni Siku ya Jumuiya. Kila mwaka, mpunga ukishaingia ndani, tunapika pilau, tunavuta kamba, wazee wanacheza bao, watoto wanaimba kaswida. Mwaka huu siku hiyohiyo atachaguliwa katibu mpya. Cheti ninacho. Mwandiko ninao. Kiti kilikuwa changu.

Leo, baada ya swala ya Ijumaa, Bibi Sihaba, mwenyekiti wetu, ametangaza kwamba kila anayeutaka ukatibu atashindana kwanza kupiga kasia kwenye mkondo wa bahari unaopita mbele ya kijiji. Akasema katibu wa visiwani anayeogopa maji ni sawa na mpishi anayeogopa moto. Watu wakapiga makofi. Dulla akapiga kuliko wote.

Dulla ni mtunza vifaa. Anatunza masufuria, turubai na kipaza sauti. Naye anautaka ukatibu! Muhtasari wa mwisho aliouandika ulikuwa na mistari miwili, mmoja ukihusu wali. Lakini anaogelea kama mamba, na kijiji hiki kinaona hiyo ndiyo elimu.

Nitaandika hapa tu, na sitarudia. Sijui kuogelea. Nililelewa Kibiti mjini kwa mjomba, na kule maji hukaa kwenye ndoo. Maji yakinifika magotini narudi nchi kavu. Kijijini hawajui. Niliporudi niliwaambia kwamba nimewahi kuuvuka mto Rufiji pale Ngorongo kwa kuogelea. Sijui kwa nini nilisema. Watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wakinisikiliza.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimejifunga bandeji mkono wa kulia. Nimesema nimeteguka nikipanga viti vya ofisi. Bibi Sihaba amesikitika vizuri kabisa. Dulla akauliza mbele za watu ni viti gani hivyo, maana vyetu ni vya plastiki.

Husuda!

Jumapili, 3 Agosti

Anayekanda viungo kijiji hiki ni bibi yangu mwenyewe, Bibi Mwanahalima. Hilo sikulifikiria.

Amekuja na mafuta ya nazi ya moto na jirani zake wawili wa kunishika. Akaniambia tulia, mume wangu, leo mkeo nimekuja kukutibu. Jirani wakacheka. Akavuta vidole kimoja kimoja. Nikapiga ukelele. Bibi akatangaza kwamba mkono ni mzima kama mchi, na kwamba kelele nimeanza kupiga kabla hajanigusa.

Kufikia adhuhuri habari imefika hadi kisimani. Sasa mkono unauma kwelikweli, na hakuna anayeamini.

Jumatatu, 4 Agosti

Akili ni mali! Kalenda ya ofisini inaonyesha mwezi mpevu tarehe tisa. Mwezi mpevu ni bamvua. Na siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa alfajiri na alasiri mpaka yakameza mizizi ya mikoko, lakini saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Mkondo unabaki tope na kaa.

Ratiba anaandika nani? Mimi.

Saa nne kamili: mashindano ya mitumbwi. Hakuna maji, hakuna mashindano. Watasema bahati mbaya, tutahamia kwenye pilau, kisha uchaguzi. Sitakuwa nimekataa mimi. Bahari ndiyo itakuwa imekataa.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao. Bibi Sihaba akaisoma ratiba, akaisoma tena, akavua miwani. Akaniuliza kwa upole, Tamimu mwanangu, unajua saa nne siku hiyo mkondo utakuwa na hali gani?

Nikajibu kwamba ndilo ombi la mgeni rasmi.

Mgeni rasmi ni Mzee Shabir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibiti, aliyetuahidi mabati ya madrasa. Hajaomba saa yoyote. Lakini najua watu wangu. Mgeni akisema jua ni mwezi, kwetu atasaidiwa kutafuta nyota.

Nikaanza kusikia harufu ya ushindi.

Ghafla Bibi Sihaba akapiga paja. Mbio za topeni! Akasema zama za mama yake watu walisukuma mitumbwi juu ya tope siku za bamvua, na mshindi alibebwa juu mpaka nyumbani. Babake Mzee Shabir alikuwa na duka Mbwera, hukuhuku visiwani, basi bila shaka alimsimulia mwanawe. Akanishika bega, akasema nimefufua mila iliyokufa. Wazee wakaanza kubishana nani alishinda mwaka gani. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Hata hivyo sina hasara. Tope si maji. Hakuna aliyewahi kuzama kwenye tope. Na Dulla hakupiga makofi. Nilimtazama.

Ijumaa, 8 Agosti

Dulla anafanya mazoezi mkondoni kila maji yakikupwa, watoto wakimshangilia. Mshamba. Mimi nafanya mazoezi ya hotuba ya shukrani.

Halafu heshima kubwa! Bibi Sihaba amesema kwa kuwa ni mimi niliyewasiliana na mgeni, mimi ndiye nitakayempokea. Dulla akasema angeweza kusaidia. Nikamjibu kwamba kupokea wageni kunataka elimu. Akacheka mpaka akakaa chini. Kila akinitazama anaanza upya.

Sielewi kinachomchekesha. Nimepiga pasi suruali nyeusi na shati jeupe.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika kwa mkono unaonuka kaa. Nimekoga kwa sabuni ya kufulia. Bado.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Turubai limefungwa, pilau iko jikoni, kaswida zinasikika. Saa nne ikafika. Mkondo mtupu, kama nilivyopanga. Mitumbwi imepangwa juu ya tope. Nikatazama njia ya kijiji nimwone mgeni akitokea.

Hakuna njia. Hiki ni kisiwa. Mgeni anakuja kwa boti!

Boti ya Mzee Shabir ilikuwa imelala ubavu kule mlangoni mwa mkondo, maji yameikimbia, na mzee amekaa ndani yake, kanzu nyeupe, mwavuli juu. Kijiji chote kikamwona. Kijiji chote kikanigeukia mimi. Dulla akachukua kipaza sauti, akatangaza kwa adabu zote kwamba karani Tamimu, mwenye elimu ya kupokea wageni, sasa atakwenda kumpokea mgeni wake. Akanikabidhi mtumbwi wake mwenyewe. Alikuwa ameusafisha! Tangu Ijumaa alikuwa anajua!

Nikasukuma. Kiatu cha kushoto kilibaki njiani mwanzoni tu. Cha kulia kikakifuata. Tope la mikoko halikanyagiki, linakunywa miguu. Kutoka ukingoni watu walikuwa wakinishangilia, na wengine wakiniuliza huko Ngorongo pia nilivuka hivi.

Nilipofika nikamwamkia, shikamoo mzee, karibu Nyamtope. Akaitikia marahaba. Akaniuliza nani kapanga saa hii. Nikasema ni utaratibu wa kijiji. Akasema bwana mdogo, mimi ningeulizwa ningechagua alasiri.

Nikampandisha mtumbwini, nikaanza kusukuma kurudi. Mzee Shabir ni mtu mwenye afya. Hatukuwa tumefika nusu ya njia nilipoona maji. Ulimi mwembamba, unaingia taratibu kwenye nyayo zangu. Kisha vifundo vya miguu. Kisha ugoko. Bamvua haiji kwa hatua, inakuja kama aliyeitwa.

Yaliyofuata yanasimuliwa vibaya kijijini, kwa hiyo naweka ukweli hapa.

Ni kweli nilimkumbatia Mzee Shabir shingoni. Nilikuwa namlinda. Ni kweli mtumbwi ulipinduka, lakini mtumbwi ule ni wa Dulla na haukai sawa tangu zamani. Ni kweli nilisoma shahada kwa sauti kubwa. Mwislamu hapangiwi wakati wa kusoma shahada. Na ni kweli nilisema, mara moja au zaidi, nakufa jamani, sijui kuogelea.

Kipaza sauti kikajibu kutoka ukingoni: “Simama, karani! Simama tu! Maji ya magoti!”

Nikasimama. Yalikuwa ya magoti.

Dulla akaja akikata maji, akatutoa mgeni mkono huu, mimi mkono ule, kama mtu anayetoka sokoni. Kanzu ya Mzee Shabir haikuwa nyeupe tena. Bibi Mwanahalima akapaza sauti mbele ya halaiki: huyo ndiye aliyevuka Rufiji! Mume wangu, hata kwenye karai nilipokuogesha ukiwa mchanga ulikuwa unalia hivyohivyo!

Wapishi waliacha masufuria waje kutazama. Pilau ikaungua chini. Na hilo nalo nimelaumiwa mimi.

Alasiri maji yalijaa, mitumbwi ikashindana kama kawaida. Dulla wa kwanza. Mimi sikutakiwa hata kushiriki. Kwa maana hiyo mpango wangu, ukiutazama kwa haki, ulifanikiwa.

Katibu mpya ni Dulla. Hakupigiwa hata kura. Walimbeba tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilitegemea Mzee Shabir angalau akasirike, tulaumiane, yaishe. Wapi! Kabla ya kuondoka alimwambia Bibi Sihaba kwamba hajawahi kucheka hivyo tangu alipooa, kwamba mabati yatakuja, na kwamba mwakani aalikwe tena, saa ileile, na apokewe na kijana yuleyule.

Aibu yangu imekuwa burudani ya matajiri.

Mchana Dulla kaja ofisini. Nikadhani anakuja kunicheka. Alikuja kuniomba nimwandikie muhtasari wa siku, maana yeye akishika kalamu anasikia usingizi. Yaani kazi ya katibu nifanye mimi, heshima ale yeye! Nimeandika, kwa sababu jumuiya haiwezi kuumia kwa ajili ya mtu mmoja. Kuhusu tukio la mkondoni nimeweka sentensi moja: “Karani alimpokea mgeni kwa mikono miwili.”

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao cha kwanza cha Katibu Dulla. Hoja yake ya kwanza: wasiojua kuogelea wote wafundishwe. Mwalimu, yeye. Wanafunzi, watoto wa darasa la kwanza. Na karani.

Na karani! Nitapangwa mstari mmoja na watoto waliong'oka meno ya mbele.

Baada ya kikao Bibi Sihaba alinibakiza. Akasema mwanangu, kutojua si aibu. Ungeniambia mapema ningekuingiza majini mwenyewe, nikikushika mkono, wala pasingekuwa na mtu wa kujua. Akasema kiti cha katibu msaidizi kiko wazi, na ni changu siku nitakapovuka mkondo kwa miguu na mikono yangu mwenyewe. Alisema kwa upole kiasi kwamba nilikaribia kumwambia ukweli, kwamba naogopa, na kwamba naogopa sana.

Nikamwambia siku ile nilibanwa na msuli wa mguu.

Akasema basi, niandae ratiba ya mafunzo, maana mwandiko wangu ni mzuri.

Nimeiandaa. Dulla ametia saini bila kusoma, kama nilivyotarajia. Kalenda inasema mwezi utaandama mwishoni mwa wiki ijayo, na mwezi ukiandama ni bamvua vilevile. Somo la kwanza la kuogelea: Jumapili tarehe ishirini na nne, mkondoni, saa nne kamili asubuhi.

Na safari hii hakuna mgeni wa kupokea.