Isale kwa Hakimu wa Wilaya

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Na hata kizimbani alipendeza. Eliamini wangu, hakimu wa mahakama ya mwanzo, amesimama pale wanaposimama wezi wa kuku, ndani ya suti ya harusi yetu. Kosa: kusafirisha magunia mawili ya ulezi kutoka Kahe bila kibali, kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya harusi. Mbege niliyoitaka mimi, tele, wageni wasije wakatucheka. Alikiri bila kuinamisha kichwa. Nikalia kwa fahari. Hatia, faini, nikadhani yamekwisha. Kumbe amesimamishwa kazi mpaka tume iamue kama bado anafaa kuhukumu wenzake.

Jikoni wifi Ndelilio akasema kaka yake amekuwa hakimu miaka yote bila doa, amekuwa mume wiki tatu, na tazama. Nimemsamehe. Hajaolewa, hajui.

Jumanne, 3 Agosti

Mpango umenijia nikimenya ndizi. Kwetu huku mlimani ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akilipokea hana budi kusamehe. Watu wamesameheana hata damu. Magunia mawili ya ulezi ni nini? Nitampelekea hakimu wa wilaya aliyemtia hatiani. Akisamehe yeye, tume itabaki na neno gani? Eliamini sijamwambia. Watu wa sheria wana aibu nyingi.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeshuka Moshi na isale lililofungwa fundo zuri, pamoja na beberu mmoja. Nilisahau kwamba hakimu wa wilaya ni mtu wa Songea.

Nikampa shikamoo, nikampa jani. Akaligeuzageuza, akauliza linachemshwa au linatafunwa. Nikamwambia halichemshwi, mzee, linasamehe. Akamtazama beberu. Na mbuzi je? Nikasema mbuzi analisindikiza jani.

Hapo akamwita karani aje aandike.

Jumamosi, 7 Agosti

Mbuzi amekuwa kielelezo, eti cha rushwa. Amefungwa nyuma ya mahakama, anakula maua ya serikali. Tume imeshaarifiwa.

Eliamini hakufoka. Alikaa kitandani, akasema kwa ulezi pengine wangempa onyo tu. Kwa mbuzi, hajui. Kisha akauliza kama mbuzi angalau alikuwa mnono. Nampenda mno.

Jioni alikuja Mzee Filemon, ambaye Eliamini alimtoza faini mwaka jana kwa kosa hilohilo la ulezi. Amebeba mkungu mzima wa ndizi. Akamshika mkono muda mrefu, akasema karibu, hakimu, huku tuko wengi. Wakacheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 18 Agosti

Tume imeamua. Amevuliwa uhakimu, na si kwa sababu ya ulezi.

Alichukua panga akaenda kupogoa kahawa. Nikamfuata. Viganja vyake, vilivyozoea kalamu, vimejaa malengelenge. Nikavibusu kimoja kimoja. Akaniomba jambo moja tu maishani: nisimsaidie tena. Nikaahidi, na niliahidi kwa moyo wote, mpaka tulipofika nyumbani.

Maana Ndelilio alikuwa anasimulia kwamba mama mzazi wa katibu wa tume anaishi Tarakea, mjane, mpweke, anapenda sana wageni. Mama wa watu, tena wa hukuhuku mlimani, isale analijua! Sasa naona tulipokosea. Mbuzi ni mdogo mno kwa kazi ya serikali. Nitaenda na ndama.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimepiga hodi kwake.