Kuandikwa Mgeni Kiseke Ninakoishi Mwaka wa Saba

Kiseke, Ilemela,
Mwanza.

Mheshimiwa Mkuu wa Udahili,

Shikamoo. Anayekuandikia ndiye mwalimu bora kuliko wote waliowahi kutokea ukanda huu wa ziwa, ila tu bado sijausomea huo ualimu. Nimemfundisha mbuzi wa shangazi yangu Prudencia kurudi nyumbani mwenyewe kila jioni. Hakuna shule yenye mahudhurio kama yale.

Hata hivyo, kwenye orodha yenu ya Stashahada ya Ualimu simo. Kwa heshima na taadhima nalalamika:

1. Chuo chenu ni cha umma, na mlitangaza kwamba wakazi wa kata za jirani watafikiriwa kwanza. Jirani ndiye mimi! Nikipanda jiwe la nyuma ya choo chetu naona mabati ya bweni lenu.

2. Aliyechukuliwa ni Suhaib, ambaye darasani alikuwa ananakili kwangu mpaka makosa. Yeye mkazi, mimi si mkazi, na ukuta wetu ni mmoja.

3. Barua ya mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mbaruku, inasema mimi ni mgeni, nimekuja kumsalimia shangazi. Mheshimiwa, salamu gani hiyo ya miaka saba?

4. Mbwa wa Kiseke wote wananifahamu. Wawili wameshaning'ata. Mgeni huwa anabwekewa tu.

5. Kwa hiyo naomba Suhaib ahamishiwe kule Usagara, nje ya wilaya. Ikishindikana, mpaka wa kata usogezwe. Hilo nalo likiwa gumu, chuo kijengwe uani kwetu, mbuzi tutamhamisha.

Wasalimie wahadhiri, wapishi, na yule mlinzi wa getini aliyenifukuza Jumatatu. Mwambie sina kinyongo, mwanawe nitamfundisha.

Ni mimi mtiifu, mwalimu mtarajiwa,
Muganyizi Rwehumbiza

Nyongeza: Mzee Mbaruku hakuzua kitu. Kila Jumamosi ya kuchimba mtaro wa mtaa, akipita na daftari lake kuandika wakazi, nilikuwa natoka na taulo kiunoni namwambia mimi ni mgeni tu, naondoka kesho. Aliandika nilichosema. Zamu ya nyumba yetu alikuwa anaichimba shangazi, na mgongo wake ule mbovu. Ndiye pia aliyekwenda kuniombea barua. Hajui kusoma, akaileta ameikunja vizuri kwenye kitenge, na kila asubuhi ananiuliza chuo kinafunguliwa lini. Bado sijamwambia.